Siku Nilipokaa Mahali pa Injini

Kama uko Korogwe na umewahi kusimuliwa habari za mtu mzima kutoka Handeni aliyepitishwa stendi mchana kweupe akiwa amekaa ndani ya boneti la gari, magoti yamegusa kidevu, usihangaike kuuliza ni nani, ni mimi, na sehemu kubwa ya waliyokusimulia ni kweli. (Ile ya kwamba nililia si kweli. Macho yalitoa machozi kwa sababu ya vumbi, na kidogo tu kwa sababu nyingine.) Nimeona niiandike mwenyewe kwenye daftari hili, kwa kuwa kila anayeisimulia anaongeza chumvi, na mimi, ingawa shule niliishia darasa la saba, napenda kila mtu apate haki yake, hata yule niliyemwita mwizi.

Ilianza kwa shemeji yangu Rajabu, mdogo wake mke wangu, ambaye aliingiwa na wazo kwamba Handeni inakosa gari la kubebea maharusi. Akauza mahindi, akauza na ng'ombe wawili, halafu siku moja akaja kunionyesha picha kwenye simu, gari dogo la michezo, jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi anayeota jua, taa zake zinachomoza juu ukiziwasha, na mwenyewe yuko Korogwe, mtaa wa Manundu, analiuza kwa bei ya kutupa.

"Mbona viti viwili tu?" nikamuuliza. "Mpambe atakaa wapi?"

"Mpambe atafuata na bodaboda."

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo nililificha miaka tisa. Kabla sijaoa nilikaa karakana moja kule Segera miezi kumi na moja, na kazi yangu ilikuwa kuosha spana kwa dizeli, kushika tochi fundi akiwa chini ya gari, na kufuata chai. Basi. Lakini mshenga alipokwenda kunisemea ukweni alisema "kijana ni fundi wa magari", na mimi nilipoambiwa sikusahihisha. Tangu hapo ukweni mimi ni fundi. Pikipiki ikikohoa naitwa, nainamisha kichwa, nasikiliza, nasema "hii ni plagi", na kwa bahati mara nyingi huwa kweli ni plagi. Kwa hiyo Rajabu alipotaka mtu wa kumkagulia injini hakuuliza mara mbili, na mama mkwe ndiye aliyesema, "Nenda na mkwe wangu, bila yeye usinunue kitu."

Tulikwenda watatu, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa anaendelea Mombo kumwona dada yake. Tukamwacha stendi ya Korogwe kwenye kibanda cha chai, na kikapu chake, asubiri basi. Pale karibu na stendi kuna karakana, na Rajabu, kijana wa watu, akasimama akasema, "Shemeji, tumchukue na fundi wa hapa mmoja? Macho manne si mawili."

Ningesema ndiyo, mambo yote yangeishia hapo. Nikasema, "Fundi wa nini na mimi nipo?"

Mwenye gari alikuwa mzee Maganga, Mnyamwezi ambaye babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, na yeye amezaliwa kambini huku huku. Na kama unavyojua, sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Nilipotaja tu jina langu, Bakari, na kwamba mimi ni Mzigua, shikamoo yangu haijaitikiwa hata nusu, akaanza.

"Marahaba, na kuku wangu niwahesabu kabisa. Mmekuja kununua gari au kulila?"

"Tumekuja kukupunguzia mzigo," nikamjibu, "maana nyie wapagazi mtalibeba kichwani mpaka Tabora."

Akacheka, tukacheka, na ikawa hivyo nusu saa nzima. Nikauliza gari linakunywa mafuta kiasi gani, akasema halinywi mafuta, linakunywa togwa. Nikauliza limekaa muda gani, akasema tangu Wazigua walipojifunza kuvaa viatu. (Nikitenda haki, aliongeza kwamba mwanawe ndiye aliyelileta kutoka Dar, akaliacha, na kwamba aliliwasha mara ya mwisho mwaka juzi. Hilo alisema sawasawa, bila utani, na Rajabu alisikia.) Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, wekundu wake umepauka ukawa kama tofali, matairi yamekaa chini, na kinyesi cha kuku kimepiga mistari juu ya paa.

Nikakunja mikono ya shati. Nikazunguka mara mbili. Nikapiga teke tairi moja (sijui kwa nini, lakini mafundi wote niliowashikia tochi walikuwa wanafanya hivyo). Nikasema, "Fungua boneti." Rajabu akavuta kitasa ndani, boneti likaachia, na kwa kuwa lilikuwa halisimami lenyewe mzee Maganga akaliegemeza kwa kipande cha mlingoti wa mkonge.

Nikachungulia. Ndani kulikuwa na tairi la akiba, utando wa buibui, na nafasi.

Injini hakuna.

Nikaenda nyuma, nikafungua buti. Magunia matupu na jembe. Injini hakuna. Moyo ukaanza kunidunda kwa furaha, samahani, nasema ukweli, kwa furaha, kwa sababu miaka tisa nimeogopa siku ya kukaguzishwa injini nisiyoielewa, na kumbe Mungu kaniletea gari ambalo hata mtoto angelijua ubovu wake.

"Mzee," nikasema, "injini iko wapi?"

"Iko nyuma ya viti, Mzigua. Umekuja nayo mgongoni kama mtoto."

Nikacheka sana. "Haya mzee, utani tuweke pembeni. Injini."

"Nimekwambia iko nyuma ya viti."

"Gari linatembea kinyumenyume?"

Hapo mzee akaacha kucheka, akanitazama. "Bakari, sasa sitanii."

Na hapa ndipo nilipopotea kabisa, maana yeyote mwenye mtani anajua kwamba mtani akisema "sasa sitanii", hapo ndipo anakukata maini. Mwaka jana mtani wangu mwingine aliniambia hivyo hivyo, akanizuilia jeneza la mjomba njiani mpaka nikatoa jogoo. Kwa hiyo nilipandisha sauti ili na mimi nisionekane mjinga. "Shemeji, rudisha hela mfukoni! Gari halina injini! Injini imeibiwa, na mwizi ni huyu huyu anayetuchekea!"

Neno mwizi halina sauti ndogo. Bodaboda waliokuwa kona wakazima pikipiki wakaja. Kina mama wakatoka majikoni. Mmoja akasema aitwe mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti, mama mmoja mnene aliyejifunga kanga mbili, akaja na uso wa kazi. Mimi nikaanza kumweleza kama shahidi mahakamani, nikamwonyesha mbele, nikamwonyesha nyuma, nikamwambia mimi ni fundi na nimekaa karakana ya Segera (miezi sikuitaja).

"Mzee Maganga," mwenyekiti akasema, "na wewe sema."

Mzee alikwenda kwenye mlango wa gari, akapeleka mkono nyuma ya kiti cha dereva, akavuta kitu. Tak! Kifuniko kidogo chenye matundu, kile kilichokuwa kati ya kioo cha nyuma na buti, ambacho mimi nilikuwa nimekiwekea kiwiko changu wakati najieleza, kikanyanyuka. Chini yake ilikuwepo injini. Nzima, yenye nyaya zake na mipira yake, na majani makavu ambayo kuku alikuwa amejitengenezea kiota.

Nilichekwa na watu ambao sijawahi kuwaona, na Rajabu, damu ya mke wangu, alichutama kabisa chini kwa kucheka.

Mwenyekiti akanyoosha mkono watu watulie. "Kumwita mtu mzima mwizi mbele ya majirani zake ni kesi," akasema. "Lakini nasikia nyie ni watani. Mzee, mtoze mwenyewe faini."

Mzee Maganga akafikiri. Akasema fundi wa stendi alikuwa tayari ametumiwa neno na Rajabu aje aangalie (sikujua, alipiga simu nikiwa nahutubia), fundi akajibu lipelekwe kwake, na betri imekufa, kwa hiyo vijana watalisukuma. "Na kwa kuwa huyu amesema mbele hapana injini, basi mahali pasibaki wazi. Aingie yeye."

Utani haukataliwi. Ukikataa umekuwa adui. Matairi yakajazwa kwa pampu ya baiskeli, nikapanda, nikakaa juu ya tairi la akiba, boneti likaegemezwa juu yangu kwa ule mlingoti, Rajabu akashika usukani huku ametoa kichwa dirishani ili aone njia, na vijana wakasukuma. Kila baada ya hatua kumi mmoja anapiga kelele, "Injini, mbona husikiki?" na mimi, nifanyeje, nanguruma kidogo. "Ongeza mafuta!" Naongeza.

Nilikuwa naomba tu basi la Mombo liwe limepita. Halikuwa limepita. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, kikombe mkononi, na tukaja tukapita mbele yake kwa mwendo wa harusi.

Sasa mtu hawezi kumpita mama mkwe wake amekaa tu kama gunia. Unavua kofia, unainama, humtazami usoni, unatoa shikamoo. Nikavua kofia. Nikainama. Kichwa kikagonga mlingoti, mlingoti ukaruka, boneti likashuka, likajifunga. Giza.

Nilikaa humo sekunde chache, nimekunjika, nikasikia stendi nzima imepasuka. Nikafikiri ninyamaze. Lakini adabu ni adabu, na salamu nilikuwa bado sijaitoa.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka ndani.

"Marahaba, baba," sauti ya mama ikaja, tulivu kabisa. "Unaendeleaje huko?"

"Salama, mama."

Rajabu akavuta kitasa, mwanga ukarudi, na ndipo macho yakatoa yale machozi ya vumbi.

Fundi wa karakana, kijana mdogo kuliko mimi, alifanya kazi yake dakika tano. Alitoa kiota, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakiinua juani. Oili ilikuwa nyeupe, nzito, kama chai ya maziwa. "Maji yameingia kwenye oili," akasema. "Injini hii imekwisha, mzee. Gharama ya kuifufua unanunua gari lingine." Mimi hicho kijiti ningekichomoa, ningesema rangi nzuri.

Mzee Maganga alikaa juu ya ndoo. Nilitegemea nitafurahi, sikufurahi, maana usoni alionekana mtu aliyekuwa na matumaini na lile gari muda mrefu. Halafu akanipa mkono. "Mtani, nilikutoza bure. Kumbe kweli injini haimo." Nikamwambia faini iliyokwisha lipwa hairudishwi, na nikamwomba radhi kwa lile neno, bila utani safari hii, na nadhani alijua.

Rajabu akarudisha hela yake ndani ya shati. Nilimfuata mama kwenye benchi, nikachutama pembeni, nikamweleza yote, Segera, spana, tochi, mshenga. Miaka tisa ilitoka kwa pumzi moja.

Mama akamimina chai kwenye sosa akaipoza. "Najua, baba. Mwaka ule ulipooa ulitutengenezea baiskeli, ikabaki na nati tatu nje. Tulijua wote."

"Sasa mama, kwa nini ulimwambia Rajabu aje na mimi?"

"Kwa sababu Rajabu akipenda kitu hasikii. Nilitaka aende na mtu ambaye kitu asichokijua anasema hakijui." Akanywa. "Ukiacha hayo ya pikipiki, nyumbani siku zote wewe ni mtu huyo. Ukiulizwa njia, ukiulizwa dawa, unasema sijui, kaulizeni kwingine. Mimi nilikuwa nakuamini kwa hilo."

Basi la Mombo likaja, nikampandishia kikapu. Tangu siku hiyo sijainamisha kichwa kusikiliza pikipiki ya mtu. Wanakuja bado, kwa mazoea, na mimi nawaambia neno moja, sijui, nalisema kwa sauti, hata kama naona kabisa kwamba ni plagi.