Nilimfundisha mdogo wangu kuanzisha kila mstari kwenye sifuri, nusura aache shule

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Siku hiyo, ndani ya chumba cha kushonea pale Magarama, Gitega, tulikuwa wanne. Mimi Eliya, mkataji wa vitambaa. Mdogo wangu Joselyne, mwanafunzi wa mwaka wa tisa. Fundi Mwajuma, mwenye chumba na cherehani. Na mama Generoza, jirani yetu wa Mwakiro kule Muyinga, aliyekuwa amefika asubuhi na kikapu cha maharagwe.

Nawataja wote ili mjue nina mashahidi. Sitaongeza chumvi.

Kwanza historia kidogo.

Sisi tumezaliwa Tanzania, kambini Kigoma. Baba alitangulia, mama akamfuata. Nilikuwa darasa la sita, shule nikaiachia hapo hapo. Joselyne alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama alipokuwa mgonjwa nilimwahidi kitu kimoja tu: huyu mtoto atapita pale nitakaposimama mimi.

Mwaka uliofuata tulirudi Burundi, kwenye kiwanja cha wazazi Mwakiro. Nililima miaka kadhaa, kisha nikaja Gitega kutafuta kazi. Joselyne nikamleta baadaye. Tumepanga chumba mtaa wa Yoba.

Sasa tuje kwenye hesabu.

Mwaka wa tisa kuna mtihani wa taifa, na hesabu ndiyo inayowaangusha wengi. Walipofika kwenye milinganyo na kuchora mistari yake, Joselyne akaanza kurudi nyumbani kimya. Kwetu hakuna mwingine wa kumuuliza. Nikasema lete daftari, kaka yako yupo.

Wakuu, x na y nilikuwa sizijui. Lakini mistari naijua, ndiyo kazi yangu. Nikaona ile michoro yenye vyumba vidogo vidogo, nikaona ni kama karatasi ya kukatia nguo. Na mkataji yeyote atakwambia, unaanzia kwenye kona, la sivyo kitambaa kinapotea bure.

Nikamwambia, “Anzia kwenye kona, pale sifuri. Kisha panda.”

Nilisema kwa uhakika kabisa. Kila alfajiri kabla ya kazi tulichora hivyo.

Daftari likawa linarudi jekundu. Nikasema mwalimu anamwonea.

Siku hiyo ninayoisimulia, Joselyne alikuja moja kwa moja kutoka shule, akaweka daftari juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja, akasema:

“Kaka, nimeacha shule. Nifundishe kukata.”

Nilishika mkasi nikaona hauna kazi. Nilimuwaza mama.

Fundi Mwajuma hakusimamisha hata cherehani. Yeye ni mwenyeji wa hapa Gitega, na Kiswahili cha hapa si kile cha Kigoma, mtanivumilia nikimnukuu.

“We unataka kukata? Kitambaa ya wateja yangu? Apana. Leta cahier kwanza.”

Sikujua kwamba alisoma hadi mwaka wa kumi kabla ya kuolewa. Akafungua daftari. Swali lilikuwa y = 2x + 3, na mstari wa Joselyne ulikuwa mzuri, umenyooka, umetoka kwenye kona.

“Nani alikuonesha hivi?”

Joselyne akaniangalia, kisha akaangalia chini. Hakunitaja. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba mwalimu alishamweleza mara mbili, ila akifika nyumbani mimi namwambia vingine, akawa hajui amwamini nani.

Mwajuma akachukua karatasi zetu za kukatia, zile tunazotengeneza kwa mifuko mitupu ya saruji, akapiga vyumba kwa chaki.

“Bon. Asubui mi nafungua mulango. Sketi tatu ya jana iko kwenye musumari, iliisha. Leo namaliza sketi mbili kila saa. Kama sijaanza hata moja, nina sketi ngapi?”

“Sifuri,” Joselyne akajibu.

“Na ile ya jana nilikula?”

Mama Generoza alicheka mpaka kitenge kikamteleza begani. Joselyne naye akacheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

Akaweka nukta kwenye tatu, kabla ya saa hata moja kupita. Saa ya kwanza, tano. Saa ya pili, saba. Akaweka rula. Mstari ukapita kwenye nukta zote, na kona ile yangu haukuigusa kabisa.

“Muteja anataka kumi na moja. Saa ngapi zitapita?”

Joselyne akafikiri. “Natoa tatu za jana. Zinabaki nane. Mbili kila saa... saa nne.”

“Voilà. Sasa uliza mustari.”

Akaweka kidole kwenye kumi na moja, akakisogeza mpaka kwenye mstari, akashuka chini. Nne.

Nilisisimka, siwafichi. Njia mbili tofauti, jibu moja.

Nikasema mbele yao wote, “Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia aanzie kwenye kona.”

“Kona ni ya kitambaa, we!” Mwajuma akanirushia kipande cha chaki.

Mama Generoza naye akachangia, bado anacheka. “Huyu ndivyo alivyo. Nimeshamsikia akiwasimulia watu jinsi mlivyorudi kutoka Tanzania. Kila mara anasema, ‘Tulianza na sifuri.’”

Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Ngoja niwaambie kwa nini. Siku tuliyofika Mwakiro, tulikuta kiwanja cha wazazi kimelimwa na maharagwe yamechanua. Mama Generoza alisikia watoto wa marehemu wanarudi, akapanda kwa mbegu zake, hata sura zetu hajaziona. Tulikula yale maharagwe msimu mzima.

Na kwa miaka yote hii nimesimulia habari yetu na kuyaruka. Yeye akisikia. Na bado siku ile alikuwa ametubebea kikapu kingine.

Nikamwambia, “Mama, nisamehe.”

“Nikusamehe nini? Sogeza hicho kitambaa, mtoto asome.”

Ile karatasi ya saruji tuliibandika ukutani Yoba. Kila alfajiri tulisoma wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Alifanya mtihani, akafaulu. Hesabu hakuwa wa kwanza, lakini alipita. Sasa yuko mwaka wa kumi. Nami sasa mlinganyo kama ule nautatua mwenyewe, na mstari wake nauchora.

Nilichojifunza ni kidogo: kabla sijahesabu nilichofanya, naangalia nilikuta nini. Fundi Mwajuma, asante. Mwalimu niliyekusema vibaya, naomba radhi.

Nanyi wakuu, hebu andikeni hapo chini, nani alikuwa ameshawapandia kabla hamjafika?

Mama Generoza sasa mguu unamsumbua, hawezi kulima kama zamani. Mvua za Septemba zikikaribia nataka niende Mwakiro na jembe na mbegu, ili atoke nje akute shamba lake limeshapandwa.

Sijaenda bado.