Simu ya Marehemu Stambuli

Habib Wafa ni fundi wa kanzu mtaa wa Shela, Malindi, na hakuna mtu anayependa mpangilio kama yeye. Vifungo vyake vimetengwa mikebeni rangi kwa rangi, na mkewe, Bi Swabra, akihamisha mkasi hata shubiri moja, siku hiyo nyumba haikaliki. Basi fikiria hasira zake alipogundua kwamba vijana wanaojazana ukutani mwake kila jioni hawaji kupunga upepo. Wananyonya waifai yake, huku wateja wa Mombasa wakishindwa kumtumia picha za darizi wanazotaka.

Akamwita Japheth, fundi wa mitandao, aliyemwonyesha namna ya kuingia kwenye ruta kwa simu yake na kuandika majina. Simu isiyoandikwa haipati mtandao, hata mwenyewe awe analijua neno la siri. Habib alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Akaandika simu yake, akaandika ya mkewe, na ya tatu akaandika ya Stambuli, jirani wa ukuta mmoja na rafiki yake tangu walipokuwa chuoni wakisoma juzuu. Kwa hiyo hakungoja kuombwa.

Ramadhani ilipokwisha, Stambuli akafa ghafla. Habib alimwosha kwa mikono yake mwenyewe. Mjane, Bi Mwanatumu, akakaa eda, miezi minne na siku kumi za kutotoka nje wala kuonana na wanaume wasio maharimu wake. Tangu hapo Habib hakuvuka tena kizingiti cha nyumba ile.

Siku moja mtandao ulikuwa mzito, akaifungua ile orodha yake. Jina la Stambuli lilikuwa linawaka kijani. Akashtuka, maskini, kisha akajiambia kwamba simu ya marehemu lazima imesahauliwa kwenye chaji. Lakini jina lenyewe hakuweza kulitazama, lilimchoma. Aliona si adabu kumwacha rafiki yake humo pamoja na walio hai. Akalifuta, akalia kidogo, akarudi kwenye cherehani.

Hata mwezi haukuisha, Bi Swabra akapigiwa simu kutoka Maskati. Alikuwa binti wa Stambuli, amejifungua mtoto wa kike, na anataka kujua mama yake ana nini. Walikuwa wakionana kila asubuhi kwa simu ya marehemu, maana mama hana simu nyingine ya kuonyesha picha. Sasa haipatikani. Akimpigia kwenye kasimu kake kadogo, mama husema yu salama, kisha hukata.

Bi Swabra akaenda nyumba ya pili kuuliza. Aliporudi hakuvua hata buibui, akamweleza mumewe yote. Bi Mwanatumu alikuwa akiamka, anaishika ile simu, anangoja, haifungui kitu. Mwishowe aliamini kwamba urafiki ulikuwa wa wanaume wawili, mmoja kenda, na ujirani umekwenda naye. Akaona haya kuuliza.

Habib alilirudisha jina pale pale, kisha akatoka akasimama chini ya dirisha la mjane, pazia limeshushwa. Akatoa salamu, akaomba radhi. Akaeleza kwamba hakukusudia ubaya, ila jina la Stambuli lilikuwa likimuumiza kila alionapo.

Pazia halikutikisika.

"Uliyemtoa si Stambuli, shemeji," Bi Mwanatumu akasema. "Stambuli alikuwa ashatoka. Mle nilikuwa nimebaki mimi."

Habib alibaki pale juani, kichwa kimeinama, hata simu ikalia ndani, na kilio cha kichanga kikasikika kutoka Maskati. Bi Mwanatumu akaanza kuita, "Mjukuu wangu, mjukuu wangu," na Habib akaondoka polepole asimsikie akilia.