Dada Niliyekimbia Naye Njia ya Morningside

Sina sababu ya kukudanganya. Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Mwaka ule niliachika. Mimi na mume wangu, Shabani, tulikaa pamoja miaka tisa. Tulijaliwa mtoto mmoja tu, Rehema, na tukamzika akiwa na miaka minne. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi hatukuwa naye. Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Hatukugombana, niamini. Tulishindwa tu kutazamana usoni. Mwisho Shabani akanipa talaka, akahamia Gairo kufanya biashara ya karanga na mahindi, nami nikapanga chumba mtaa wa Kilakala, mimi na cherehani yangu.

Huko ndiko nilikoanza kukimbia. Jumamosi zilikuwa ndefu mno, basi nikajipatia raba za mtumba, nikawa natoka kukishapambazuka na kuipanda ile njia ya Morningside iendayo mlimani mpaka miguu ikatae. Watu walinishangaa, mwanamke mzima anakimbia wala hafukuzwi. Lakini nilipenda. Nikishuka naoga maji ya baridi, nakaa mlangoni na chai ya tangawizi na vitumbua vya moto vya jirani yangu, Mama Salima, redio inaongea kwa sauti ya chini. Jumapili nafua, halafu nalala mchana bila kuulizwa na mtu. Mambo madogo tu. Ila kwa mara ya kwanza tangu msiba, chakula kilikuwa na ladha mdomoni.

Basi Jumamosi moja, mvua ilikuwa imekatika alfajiri na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilikuwa nimeshapita nyumba za mwisho. Nikageuka, nikamwona dada anakimbia kando yangu. Sikuwa nimesikia hatua zake. Alikuwa rika langu, amejifunga kanga, miguu mitupu, na katika tope lile lote hakuwa na doa. Akanisalimia vizuri, kisha akasema, "Unakimbia kama mtu aliyebeba mzigo."

Nikamwambia ninao.

"Nisimulie."

Unajua ilivyo rahisi kumwambia mgeni mambo ambayo ndugu yako humwambii? Nikamsimulia siku ya talaka, Shabani alivyoweka funguo mezani, alivyosimama mlangoni kama amesahau kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Hiyo niachie mimi."

"Haya, nimekuachia," nikajibu, nikidhani ni maneno ya kufarijiana.

Nilishuka mwepesi. Wiki nzima nilishona huku nikiimba. Mama Salima aliponiuliza jambo kuhusu siku ile ya talaka, nikaitafuta kichwani nisiipate. Nilijua kwamba niliachika, lakini kama unavyojua habari za mtu wa mtaa wa pili. Nikamshukuru Mungu, nikasema sasa napona. Ungekuwa wewe, ungesemaje?

Jumamosi iliyofuata nikamkuta palepale. Nikamwachia mazishi: ile sanda fupi, na mikono ya wanaume ikiipokea mlangoni kwenda kaburini. Nikashuka mwepesi zaidi, nikanywa chai vikombe vitatu.

Jumamosi ya tatu yeye ndiye aliyeanza. "Bado kuna kitu," akasema. "Kinakuamsha usiku."

Sikuwa nimemwambia hilo. Hapo ningepaswa kugeuza njia. Lakini nilikuwa nimechoka, elewa hivyo. Nikamwambia ni sauti ya mwanangu. Kila usiku namsikia akiniita, naamka, najibu, hayupo.

"Niachie."

Nilikimbia mpaka kona iliyofuata. Kisha nikasema, "Chukua."

Muda uleule mzee mmoja akatokea kwenye ukungu, anashuka mjini na tenga la karoti kichwani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hujambo. Hakusema hamjambo. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa Jumamosi tatu, kila mkulima tuliyepishana naye alinisalimia mimi peke yangu. Nikageuka kumtazama mwenzangu. Njia ilikuwa tupu. Kwenye tope kulikuwa na alama za raba zangu tu.

Na huko juu, ndani ya ukungu, mtoto akaita, "Mama! Mama, njoo!"

Nikajiuliza, mtoto wa nani huyu, asubuhi yote hii, na baridi hii? Nikasikiliza. Akaita tena. Nami, Mungu anisamehe, nikampa kisogo, nikateremka mbio mpaka nyumbani.

Miezi miwili ikapita. Usiku nililala fofofo. Kisha Shabani akapiga simu kutoka Gairo. Alikuwa anahamisha vitu kutoka simu yake ya zamani, akakuta sauti ya Rehema akiimba jikoni. "Nimekutumia," akasema. "Uisikilize ukiwa umekaa."

Nikaketi kitandani, nikafungua. Mtoto anaimba, anakosea maneno, anacheka, halafu anaita, "Mama! Mama, njoo!"

Nikajaribu kumkumbuka mwanangu katika sauti ile. Sikuweza. Nilikuwa nimewahi kuisikia mara moja tu, kule juu mlimani.

Nilirudi Jumamosi ileile, na nyingi zilizofuata. Nimekimbia njia ile nikiita mpaka sauti ikakauka, na wakulima wakaanza kunipisha kwa huruma. Hakuna aliyeitika. Mwisho nilimweleza Shabani yote. Akapanda basi, akaja, akakaa kwenye kigoda changu, wala hakuniita mwehu.

"Alikuwa hawezi kutamka karanga," akasema. "Alikuwa anasema kalanga. Hukumbuki?"

"Sikumbuki," nikamwambia.

"Ulikuwa unacheka mpaka unatoa machozi."

Akalia. Mimi nilimtazama analia, nikamwonea huruma kama unavyomwonea mfiwa uliyepita tu kwenye msiba wake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hata kumlilia mwanangu sawasawa siwezi.

Sasa nakimbia na akina mama wenzangu, tena kwenye barabara ya lami tu. Nikirudi nafungua ile sauti, naisikiliza, najaribu kumzoea mtoto yule kama mgeni aliyeletwa nyumbani.

Nawe unayekimbia asubuhi ukiwa na jambo moyoni, kimbia, ni vizuri, kunywa na chai yako. Lakini ukipata mwenzio njiani, tazama kwanza kama wapita njia wanawasalimia wawili. Na akikuomba umwachie kinachokuuma, mwambie hapana. Hata kikikukosesha usingizi, mwambie hapana.