Majani ya Bluu Niliyoyaacha ya Mbegu

Harufu ya mashudu ya alizeti ikinikuta popote, hata leo nikiwa jikoni kwangu na mtoto ananivuta gauni, inanirudisha Unyambwa, nyumbani kwa shangazi Eliza, likizo ya Juni nikiwa darasa la nne. Jirani yake alikuwa na mashine ya kukamua mafuta. Ilinguruma tangu asubuhi hadi vikombe vikacheza kabatini, na hewa yote ikawa nzito, tamu, ya mafuta ya moto na maganda. Nilitolewa kijijini kwetu Ulemo nikawe miguu ya mtu. Binti wa shangazi, dada Anjela, aliyekuwa kidato cha pili shule ya bweni, alikuwa amevunjika mguu na kufungwa plasta hadi pajani. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyo mgeni hakuna aliyemuuliza kama anataka kuja. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji, kutoa sahani, na kumkuna dada ndani ya plasta kwa kijiti cha ufagio huku ananiambia juu, chini, hapo hapo, umepita.

Chumbani kwake kulikuwa na kompyuta ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa, na ndani yake gemu moja. Mwanamke mwenye mkuki alitembea katika nchi ya mabonde, na mwisho wa nchi ile ulisimama mlima wa theluji. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Upepo ulipita, majani yakainama, kisha yakainuka, na hakuna mtu aliyeyagusa. Nilizunguka nyuma ya kompyuta nikakuta nyaya na vumbi. Nikarudi mbele, nchi ipo palepale, na wingu limesogea. Beseni lilinilemea mkononi, maji yakamwagika sakafuni, nikafokewa, na hata kule kufokewa nilikusikia kwa mbali kama mtu aliyezama kisimani.

Anjela alitaka jambo moja tu likizo ile: kuvuka mlima kabla shule haijafunguliwa. Bwenini hakukuwa na gemu, na shangazi alishasema kompyuta hiyo inahamia kwa mdogo wake aliyeko Manyoni, kwa hiyo ni sasa au basi tena. Lakini huwezi kupanda theluji bila dawa ya baridi, na dawa ilitaka vifungu sitini vya majani ya bluu. Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, na haijapoa mpaka leo. Kila kifungu, yule mwanamke anasimama, anainama taratibu kama mwenye kiuno kibovu, anachuma, anainuka, anafuta mikono. Begi likifika ishirini limejaa, unavuka bonde zima kurudi kwenye kibanda cha mganga, unamwaga, unarudi tena. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila kibaba chenyewe kiwe kina akili. Nani huyo aliyekaa kitini akaamua kwamba starehe ya mwenzake ni kuinama mara sitini? Anjela alipenda kupigana na fisi wa gemu. Kuchuma kulimtoa machozi. Siku ya tatu ya kuchuma akanisukumia kibodi.

"Wewe si ndiye mtu wa mlenda?" akasema. "Haya, chuma."

Alinidhihaki, na mimi nikaona nimepewa ufalme. Kuchuma nilikujua. Masika, kule Ulemo, bibi alikuwa akituongoza wajukuu porini kuchuma mlenda, ile mboga ya kuteleza, na alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, huchumi huku umebeba mzigo. Ukijaza, unaweka fungu kwenye njia panda, unalifunika kwa matawi, unaendelea mikono mitupu, na jioni unayazoa mafungu yote ukirudi. Ya pili, unachuma mashina mawili, unaruka la tatu, liachwe lichanue litoe mbegu. Ukilichuma hilo la tatu, bibi hapigi kelele. Anakutazama tu, na ni afadhali fimbo. Basi nikamwingiza bibi kwenye kompyuta. Nilijaribu kumwaga begi penye jiwe kubwa njia panda, nikaenda mbali, nikarudi, na fungu langu lipo. Nilipiga kofi la mshangao peke yangu. Mafungu yaliyolala chini yule mwanamke aliyabeba kichwani, nje ya begi, kwa hiyo safari tatu zikawa moja. Vidole vyangu vilijua njia kabla macho hayajaiona, na nilianza kujua kwamba majani ya bluu yanapenda kivuli cha miamba upande wa mto, kama vile mtu aliyeyapanda pale alikuwa amewahi kutembea porini kwa miguu yake.

Siku ya pili ya kazi yangu Anjela aliangalia bonde akaona mashina yamesimama, moja moja, nyuma yangu. Akaniuliza mbona nimeyaruka. Zilibaki siku nne shule ifunguliwe.

"Umemwachia nani? Mbuzi?"

"Nimeacha ya mbegu, dada."

Alicheka mpaka akaushika mguu wake kwa maumivu. Akamwita mama yake aje asikie, na shangazi naye akacheka, akasema jamani, sisi Wanyiramba wa kijijini. Nikainamisha kichwa. Anjela akanipokonya kibodi, akavuka mto, akalichuma bonde la pili lote, hakuacha hata jani, kunionyesha watu wenye akili wanavyofanya. Hata hivyo bado tulipungukiwa vifungu kumi na tano. Akamlaza yule mwanamke, kukapambazuka ndani ya gemu, akarudi kwenye bonde lake. Udongo mtupu. Akamlaza tena, udongo uleule. Ndipo, kwa hasira tu, akaenda kwenye bonde langu, na bonde langu lilikuwa la bluu tupu, toka mwamba hadi mto, majani yanainama na kuinuka.

Anjela akasogeza uso karibu na kioo. Mashine ya jirani ilikuwa imezimwa kwa ajili ya chakula cha mchana na chumba kilikuwa kimya kabisa. Mtu fulani, mbali, katika nchi nisiyoijua hata jina, alikuwa anaijua sheria ya bibi yangu, akaificha mle ndani bila kumwambia yeyote, akamsubiri atakayeitii. Dawa ilikamilika jioni ileile. Siku ya mwisho tulifika chini ya mlima, Anjela ameshamaliza fisi wote, na badala ya kupanda akanirudishia kibodi. Akasema, "Vuka wewe. Mimi nilikuwa napigana tu." Nikavuka. Theluji ilituvumia usoni, dawa ikashika, na upande wa pili nchi ikafunguka, kubwa kuliko ile ya kwanza, na hatukuwa na muda wa kuigusa. Tuliitazama tu, mkono wake begani kwangu.

Sasa binti yangu wa miaka sita anacheza kwenye simu ya baba yake. Gemu yake ina ndege anayeokota kila kitu: dhahabu, magogo, uyoga, vyote vinaruka vyenyewe hadi begini, na begi halijai. Nasema wazi, walioondoa ule upuuzi wa kuinama mara sitini Mungu awabariki. Mchumia juani hulia kivulini, lakini juani pasipo na sababu ni adhabu. Juzi nikamuuliza uyoga ule unaota wapi. Akanijibu bila kuinua macho kwamba haujaota, upo tu. Niliichukua simu nikatembea katika ile nchi yake kwa nusu saa, ndege nimemzima, nikachuma hapa, nikaruka pale, nikalala, nikaamka. Kila kitu kilirudi vilevile, mahali palepale, idadi ileile, nimechuma nisichume. Nikamrudishia. Mtoto hana kosa. Kiuno wamemponyesha, ila wamempa ardhi isiyojua kama mtu amepita.