Nilivyouonea Wivu Mguu Uliovunjika

Mama alinipita mlangoni mwa wodi kana kwamba mimi ni nguzo. Nilikuwa nimemsubiri pale tangu asubuhi, damu imenikaukia kwenye blauzi, plasta moja kidevuni, na nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyomwangukia kifuani na kulia. Alinishika bega kwa nguvu, akauliza, "Mwenzako iko fasi gani?" Nikamwonesha kitanda cha mdogo wangu. Akaniacha, akaenda. Nikabaki na machozi yangu, sina wa kumlilia.

Ajali ilikuwa imetokea jana yake. Kwaya yetu ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale ilialikwa kuimba kwenye harusi huko Biharwe, na wenzetu walitangulia alfajiri. Sisi tulichelewa kwa sababu mdogo wangu alikuwa bado anapiga pasi sketi yake. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti, na mwenye sauti husubiriwa, kwa hiyo niliachwa nimsubiri. Tulipofika Mbarara tukapata gari dogo la abiria, na hapo nikakataa kata kata asikae mbele. Kila safari alikaa mbele, eti vumbi lisimharibie koo. Nilimwambia mkubwa ni mimi, nikaingia na kufunga mlango. Baba mmoja alibanwa katikati yangu na dereva. Mdogo wangu akakaa nyuma ya dereva, amenuna.

Lori la ndizi liliacha upande wake likatujia. Ninachokumbuka vizuri ni zile ndizi, mbichi, zimetapakaa lami nzima, na mwanamke mmoja anapiga kelele kwa Kinyankole. Dereva alikufa papo hapo. Yule baba wa katikati, ambaye dakika chache kabla nilimsukuma kwa kiwiko ili asogee, naye alikufa. Mdogo wangu alivunjika paja. Mimi niliyekaa mbele, karibu na kioo, nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe. Daktari wa hospitali ya Mbarara aliponiuliza ninaumwa wapi, nilisema siumwi popote, mtazame mdogo wangu. Na kweli siku ile nilimaanisha.

Wema ule ulidumu siku tatu hivi.

Mama alilazimika kurudi Nakivale kwa ajili ya wadogo zetu na maharage yaliyokuwa yameiva shambani. Mgonjwa lazima awe na mtu wa kumhudumia, na mtu huyo, bila hata kuulizwa, alikuwa mimi. "Wewe uko muzima," Mama alisema akinikabidhi sufuria na beseni. Nilipika uani, nikafua, nikamwaga beseni, nikalala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Juu yangu mdogo wangu alilala na mguu umevutwa kwa kamba na mawe ya kupimia ili mfupa uunge, na watu walikuja kumtazama kama mtoto mchanga.

Walikuja kutoka Nakivale, kutoka mjini, hata kutoka makanisa ambayo hatukuyajua. Walimletea sukari, sabuni, soda, juisi ya maembe. Walimshika mkono na kusema, "Pole sana, Mungu iko mukubwa." Kisha waliniona pale kwenye mkeka wangu. "Wewe, Bwana amekupenda! Hata fasi ya kukwaruzwa hauna! Saidia mwenzako, sawa?" Nikasema sawa. Nikachukua hiyo sabuni waliyoleta nikaenda kufua mashuka yake.

Acha niseme wazi, maana sasa nina umri wa kuusema ukweli: niliuonea wivu ule mguu. Pilipili usiyoila yakuwashiani, watu husema, lakini mimi iliniwasha usiku na mchana. Alipoanza kuimba kitandani, na wodi nzima ikanyamaza, na wauguzi wakaja kusimama mlangoni, nilitamani yale mawe ya kupimia yangekuwa yananivuta mimi. Chai yake nilianza kuichelewesha. Siku moja, nilipowaona akina mama wa kwaya wanashuka getini, nilianza kuchechemea. Wakanihurumia kweli, wakaniombea. Jioni, nikiwa bado nachechemea, mdogo wangu akaniambia kwa upole, "Yaya," maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "asubuhi ulikuwa unaumwa mguu wa kushoto."

Mtu mmoja tu aliniuliza habari zangu mimi. Alikuwa mke wa askari kutoka kambi ya jeshi pale Mbarara, mwanamke mnene mwenye sauti ya paredi, aliyekuwa akimhudumia mumewe wodi ya jirani. Tulikuwa tukikutana jikoni uani. Siku moja nilikuwa najichana, chanuo likakwama, nikahisi kitu kinachoma. Nikakitoa kwa kucha. Kilikuwa kipande cha kioo, kidogo kama punje ya mchele, kilichokuwa kimekaa ndani ya ngozi ya kichwa wiki nzima.

"Hii natoka wapi?" aliuliza.

"Ni ya gari."

"Banange! Wewe pia ulikuwa ndani ya ile gari? Na hakuna mtu nasema wewe pole?" Alinivuta nikae kwenye kigoda chake, akanipa uji wa mumewe. Kisha akamwaga njiti zake zilizobaki, akanipa kisanduku cha kiberiti. "Weka hapa. Watu bila kuona, hapana amini. Siku moja utaonesha wao."

Nililia juu ya ule uji hadi ukapoa.

Tangu siku hiyo nilikuwa na mali. Vioo viliendelea kujitokeza kimoja kimoja, juu ya sikio, kisogoni, na kila kimoja nilikiosha nikakitia kwenye kiberiti. Kufikia siku mdogo wangu aliporuhusiwa kwenda nyumbani vilikuwa saba. Nilivitikisa sikioni nikasikia vinalia. Sikumwonesha mtu. Nilikuwa navitunza kwa Jumapili ya shukrani.

Kwetu, aliyeponea kifo husimama mbele ya kanisa na kutoa ushuhuda, na familia yake humsindikiza kwa wimbo. Mama alianza maandalizi mapema. Jumamosi alimkalisha mdogo wangu mbele yake akamsuka nywele saa nzima, mistari imenyooka kama matuta ya viazi. Nilipokuja kukaa, alinipa chanuo. "Wewe utajisuka, uko muzima." Nilienda nyuma ya nyumba nikafunga kitambaa.

Jumapili mdogo wangu alienda mbele kwa magongo yake. Alishuhudia, akaimba, watu wakalia. Mama akashika kipaza sauti: "Mungu amenirudishia mutoto wangu." Mtoto. Mmoja. Nilitoka kwenye safu ya kwaya, nikaenda hadi mbele, nikatoa kiberiti kifuani.

"Na mimi nilikuwa ndani," nilisema.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yalinikimbia. Nikafungua kiberiti ili waone, lakini nilikivuta kwa nguvu mno, na vioo vyangu saba vikamwagika kwenye sakafu ya udongo. Hakuna aliyeona kitu. Mama mmoja akauliza ni chumvi? Mwingine akasema ni kioo, na papo hapo akina mama wakainama kuviokota, maana nusu ya watoto wa kanisa lile hawakuwa na viatu. Ushuhuda wangu ukageuka kazi ya kufagia. Mchungaji akaanzisha wimbo.

Mama alikuwa amepiga magoti. Kipande kimoja kilimchoma kidole, akakitazama.

"Hii imetoka fasi gani?"

"Kwa kichwa yangu."

Akaendelea kuokota, na ibada ilipoisha tukarudi nyumbani. Alitandika mkeka, akakaa, akanionesha nafasi katikati ya magoti yake. Akanifungua kitambaa, akaanza kupapasa kichwa changu taratibu kwa ncha za vidole.

"Ile siku," alisema, "kwa simu balinambia batoto bangu bote babili ba kwaya bamekufa. Nikapanda pikipiki na vitambaa ya kuzikia ndani ya mufuko. Nilipofika kwa mulango nikakuona umesimama. Miguu ikaisha nguvu. Nikashika bega lako nisianguke. Wewe ndiye ulinisimamisha, ndiyo nikaweza kufika kwa mwenzako." Vidole vikaendelea kutafuta. "Haukuona vile nilikushika?"

Niliona. Bega liliuma siku mbili, nikadhani ananisukuma nimpishe.

Vidole vyake vikasimama juu ya kisogo. "Kuko ingine hapa," akasema, akakitoa kwa kucha, akakipuliza, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa cha nane.

Mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni, mguu umenyooka mbele yake, magongo kando. Alikuwa akitutazama kwa muda mrefu. "Mama," akasema hatimaye, "na mimi kichwa inaniwasha."

"Wewe nilikusuka jana," Mama akamjibu bila kugeuka.

Niliujua ule uso aliokuwa nao, maana niliuvaa mimi miezi ile yote. Ningeweza kumpisha. Nikainamisha kichwa zaidi kwenye mapaja ya Mama, nikamwambia, "Tafuta tena."