Swali la Mashine

Muuza michezo ya video wa mtaani kwetu alikuwa na kanuni moja: usimuulize mteja anapenda mchezo gani, muulize ana mashine gani nyumbani. Kila michezo miwili hasimu ilipokaribia kutoka, kila mmoja ukichezeka kwenye mashine yake tu, aliwauliza wapita njia swali hilo huku akifuta vumbi la maboksi kwa kiwiko. Kisha alimwambia dada yake, mwenye duka, aagize upi. Safari hii aliujaribu mmoja mwenyewe, ukamteka, akamshawishi dada aagize huo peke yake. Hakuuliza mtu.

Siku ya mauzo nilikuwepo. Vijana walijaa hadi kibarazani.

“Bro, huu si wa mashine zetu. Wa kwetu uko wapi?”

“Haukuagizwa.”

“Kwa hiyo tuununue tuutundike ukutani kama kalenda?”

Walicheka, wakavuka barabara kwenda duka la pili. Sikuamini macho yangu. Mikono ya muuzaji, isiyojua kutulia, ilining’inia tu. Dada alijishika kichwa.

“Mdogo wangu, hukuuliza? Wewe?”

Mtaji wote wa dada ulikuwa ndani ya maboksi yale. Alilifunga duka mwezi uleule.