Kisuba cha Nyuma ya Ukuta

Chuo kilinifundisha lugha zilizo hatarini kwa njia ya simu. Mwalimu wetu hakuwahi kukanyaga Sindo, kwetu kando ya ziwa, lakini kila Jumamosi alitutokea kwenye kioo, rafu ya vitabu mgongoni, akituongelesha kwa sauti ya mtu aliye matangani. Alipojua mimi ni Msuba alinisifu kama mbuzi wa mnada, kisha akanipa kazi: nimrekodi mzee anayesema Kisuba kabla hakijapotea.

Nyanya aliyenilea kwa Kisuba alikuwa ameshafariki. Aliyebaki niliyemjua ni maro, mama mkwe wangu, huko Sindo. Na kwetu mtu haketi ana kwa ana na mama wa mke wake. Basi nikafanya kama heshima inavyotaka. Niliketi nje ya jiko lake, simu nikaiweka dirishani, naye ndani akichambua dagaa wa omena. Nikamsalimu kwa Kisuba, na huyo akafunguka. Alisimulia jinsi alivyombembeleza mke wangu kwa nyimbo za Kisuba alipokuwa mchanga, mpaka majirani walipomcheka, akaziacha. Wimbo mmoja akauimba wote. Sijui ningepata wapi tena kitu kama kile.

Mwalimu aliikataa rekodi hiyo. "Mdomo hauonekani," alisema. "Sogea karibu naye, mguse bega, ajisikie huru."

Mguse bega! Nilitamani kumuuliza kama yeye humshikashika mama mkwe wake. Nikajibu, "Asante, mwalimu," maana cheti kilikuwa mkononi mwake.

Nikamtuma mke wangu na simu. Akarudi na video safi kabisa, mdomo na meno yote yaliyosalia, na ndani yake Dholuo tupu, lugha ya Wajaluo. Hao wawili hawajawahi kuzungumza kwa lugha nyingine.

"Nilimwambia aongee Kisuba," mke wangu akasema. "Akaniuliza, nikikuongelesha hiyo, utanijibu na nini?"

Niliituma hivyo hivyo, nikaeleza wazi kwamba hii ni Dholuo, lugha ya soko zima la Rangwe, na Kisuba kimo katika ile aliyoikataa. Maelezo hakuyasoma. Alinipa alama za juu, akalichezea darasa video hiyo na kutusihi tusikilize kwa makini, huenda tusiisikie tena lugha hii. Mwenzetu wa Awendo, Mjaluo, alizima kamera haraka, nadhani apate kucheka. Mimi sikucheka. Nilimdharau mwalimu yule kwa moyo wangu wote, pamoja na rafu yake.

Jioni hiyo nikamchezea mke wangu ile iliyokataliwa. Alisikiliza, na wimbo ulipoanza akasogeza sikio kwenye simu. Alisema hajawahi kumsikia mama yake akiimba. Kisha akanigeukia mimi, mkwe.

"Hapo anamwimbia nani?"